Usimfukuze kocha kwa mechi ya Ihefu

Leo siongelei bei ya vitenge wala namna ya kupiga picha bidhaa kwa simu ya laki mbili. Naongelea mpira. Wale msiopenda mpira vumilieni kidogo, biashara imo humu humu.

Kila msimu ukianza tu, timu ikipoteza mechi moja, huku mwisho wa reli utasikia vijiwe vyote vinaimba wimbo mmoja: kocha hafai, aondoke. Na nimegundua wanaosema hivyo kijiweni ndio haohao wanaobadilisha biashara kila miezi miwili. Leo anauza viatu, kesho perfyumu, keshokutwa ukurasa umefutwa. Nasema kwa upendo, maana na mimi nimepita huko.

Turudi 2023. Mimi ni Mwananchi, sifichi. Nabi alituachia timu tamu. Ubingwa mara mbili mfululizo, na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tuliyoikosa kwa goli la ugenini tu dhidi ya USM Alger. Kisha Nabi akaondoka. Feisal akaenda Azam. Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi msimu ule, akaenda Pyramids ya Misri. Akaletwa Gamondi, Muargentina. Fikiria umepewa duka ambalo aliyekuwa analiendesha kaondoka, muuzaji bora kaondoka, na wateja wote wanataka huduma ileile ya jana.

Fainali yake ya kwanza, Ngao ya Jamii kule Mkwakwani Tanga, Agosti 13, 2023, tukatoka 0-0 na Simba, tukafungwa penalti 3-1. Kombe la kwanza limeenda kwa mtani. Minong'ono ikaanza hapohapo.

Halafu ligi ikaanza na watu wakanyamaza: KMC tano bila, JKT Tanzania tano bila. Mimi nilichokiona kwenye ile ya KMC ni kwamba mabao matano yalifungwa na watu watano tofauti, mmoja wao beki, Dickson Job. Kwa Nabi mpira ulikuwa unamtafuta Mayele. Kwa Gamondi hakuna anayetafutwa, kila mtu anaingia kwenye boksi. Viungo wanaingia, beki wa pembeni anapanda, timu inakaba juu kulekule kwa mpinzani. Ni mfumo mzuri sana miguu ikiwa na nguvu. Miguu ikichoka, nyuma kunabaki uwazi wa kupitisha fuso. Na akija mpinzani aliyejifungia nyuma, unahangaika. Na Namungo tulihangaika hivyo, bao likaja dakika za mwishoni, 1-0.

Ndipo ikaja Oktoba 4. Siku nne kabla tulikuwa tumewatoa Al Merrikh na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kitu ambacho Yanga haikukigusa tangu 1998. Sherehe haijaisha vizuri, timu ikasafiri hadi Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga, kucheza na Ihefu. Tukafungwa 2-1. Uwanja uleule na matokeo yaleyale ya Novemba 2022, Ihefu hao hao walipokata ile rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza.

Kijiweni kwetu Mwanga siku hiyo nilitamani nisiwe na masikio. Kapangua kikosi. Hajui ligi yetu. Mayele angekuwepo. Nabi asingefanya hivi (na Nabi alifungwa palepale, 2-1, lakini hakuna aliyetaka kukumbushwa).

Sasa nisikilize, maana wiki hiyohiyo mimi nilikuwa na Ihefu yangu dukani.

Dada aliyekuwa ananisaidia kupiga picha na kujibu wateja aliolewa akahamia Kasulu. Nikamchukua mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kamaliza kidato cha nne, anakaa Ujiji. Simba damu, lakini kichwa kinafanya kazi. Yule dada alikuwa anaposti vitenge thelathini kwa siku na kuandika "bei njoo inboksi". Dogo akasema hapana kaka, tuposti vitano tu na bei tuiandike, anayeuliza awe anayetaka kununua. Sikupenda. Nikamwachia. Wiki mbili za kwanza oda ziliongezeka, nikaanza kujisifu kwa watu kwamba nina jicho la kuchagua mtu.

Wiki ya tatu mzigo ukaingia mwingi kwa boti kutoka ng'ambo, mimi niko Kibirizi kuupokea, yeye peke yake dukani na vifurushi kumi na kimoja vya kupeleka stendi usiku uleule. Viwili vikabadilishana. Mteja wa Dodoma kapata kitenge cha mteja wa Mwanza, na wa Mwanza kapata cha Dodoma. Yule wa Mwanza hakuja inboksi. Alikuja moja kwa moja kwenye picha yetu, akaandika mbele za watu: "Matapeli wa Kigoma hawa." Kurudisha, kutuma upya na kumbembeleza kulinikata shilingi 96,000. Kwa duka langu hiyo ni kodi ya mwezi na chenji kidogo.

Mjomba akasema mrudishe mtoto wa watu kwao Ujiji, huyu si mfanyabiashara. Na mimi kweli nilishaandika meseji ya kumwita mama mdogo tuongee. Sikuituma. Sitasema ni busara, vocha ilikuwa imeisha. Lakini usiku ule nikafungua daftari nione kosa lilitoka wapi hasa, na nikajikuta nashindwa kumlaumu. Ule mfumo wa vitenge vitano haukuwa na kosa lolote. Oda kumi na moja zilikuja kwa sababu ya huo mfumo. Kosa lilikuwa kwenye kufunga. Alikuwa anafunga vyote kwanza halafu ndipo aandike majina, usiku, peke yake, kachoka. Na aliyemwacha peke yake ni mimi.

Tukabadilisha kitu kimoja tu. Jina na namba ya simu vinaandikwa kwenye mfuko kabla kitenge hakijaingia ndani, na kila kifurushi kinapigwa picha inayotumwa kwa mteja. Basi. Mengine yote nikayaacha alivyokuwa anayafanya.

Gamondi naye hakuubomoa mfumo baada ya Ihefu. Hilo ndilo lililonivutia kwake. Kocha mwoga akifungwa mechi moja anarudisha watu wote nyuma ili asifungwe tena. Oktoba 23 tukacheza na Azam, tukaruhusu mabao mawili, tukafunga matatu, yote ya Aziz Ki. Bado anakaba juu, bado viungo wanaingia boksi. Halafu Novemba 5, Uwanja wa Mkapa, mtani. Musonda kafunga mapema, Kibu Denis karudisha, mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Nzengeli mawili, Aziz Ki, Pacome kwa penalti. Tano moja. Dogo hakuja kazini kesho yake, akasema anaumwa tumbo. Nikamwambia pole.

Lakini angalia upande wa pili, maana hapa ndipo watu wengi tunapotea. Robertinho wa Simba kabla ya siku ile hakuwa amepoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Ngao ya Jamii alikuwa nayo. Kwenye msimamo ungesema huyu ndiye yuko salama, Gamondi aliyefungwa na Ihefu ndiye wa kuangaliwa. Siku mbili baada ya tano moja, Robertinho hakuwa na kazi. Wanasimba wenyewe walikuwa wanalalamika wiki nyingi kwamba timu inashinda bila kucheza. Matokeo yalikuwa yanawafunika macho viongozi.

Gamondi alimaliza msimu na ubingwa, wa 30 kwa Yanga, na Kombe la Shirikisho la CRDB akalichukua kwa penalti dhidi ya Azam kule Zanzibar. Aziz Ki mabao 21, kiungo huyo, si mshambuliaji.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni: mbona naye alifukuzwa? Ndiyo. Novemba 2024. Na hapa nitasema kitu ambacho Wananchi wenzangu hawatakipenda. Sidhani alifukuzwa kwa sababu ya mechi mbili tu. Msimu ule tulianza kwa kushinda mechi nane za ligi bila kuruhusu bao. Karatasi safi kabisa. Lakini kumbuka zile za mwisho: Simba 1-0 kwa bao la kujifunga, Coastal 1-0, Singida 1-0. Watu watano waliokuwa wanafunga siku moja hawaonekani tena. Kisha Azam wakatufunga 1-0, na siku tano baadaye Tabora United, majirani zetu hawa wa kwenye reli, wakatupiga 3-1 hapohapo Azam Complex. Watu walishtuka. Mimi nilisema hii ilikuwa inakuja na pira lake.

Na nilisema hivyo kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nashinda 1-0 kwenye dagaa.

Mnakumbuka 2024 ziwa lilifungwa kuvua, Mei 15 hadi Agosti 15. Mimi niliweka akiba ya dagaa wakavu kabla, nikapandisha bei, nikauza vizuri sana. Ziwa likafunguliwa, dagaa wakarudi, bei sokoni Ujiji ikashuka, mimi ukurasani nikaacha bei ya Julai. Na bado nikauza! Septemba wateja kumi na wanne, wiki iliyofuata kumi na mmoja, kisha tisa. Kila wiki faida ipo, kwa hiyo kila wiki najiambia tumeshinda. Dogo aliniambia mara mbili: kaka, wanaouliza bei wanasoma halafu wanapotea. Nikamjibu faida ipo. Mwisho wa Oktoba nikabaki na magunia mawili yaliyoanza kupata harufu, nikayauza kwa mfugaji wa kuku kwa bei ya aibu. Hasara ile ni mara nne ya vile vifurushi viwili. Na hakuna aliyeniita tapeli, hakuna aliyepiga kelele, hakuna mjomba aliyekuja kunishauri.

Kwa hiyo ukiniuliza nampima vipi mtu mpya au njia mpya, sianzi na nani kafungwa. Naangalia oda zinaingia kwa njia gani na nani anaondoka bila kusema. Dogo alipoharibu vifurushi, watu walikuwa bado wanakuja wengi zaidi. Mimi nilipokuwa nafaidi dagaa, watu walikuwa wanapungua.

Msimu mpya ukianza, makocha wapya watafungwa mapema, na Mashujaa yetu hapa Lake Tanganyika itakuwa na siku zake mbaya pia. Mjomba atasema kocha aondoke. Nishamwandalia kiti.

Dogo bado yuko. Sasa anataka tuache kabisa kuposti dagaa kwa kilo, tuwafunge kwenye pakiti za robo za elfu tatu, kwa watu wa Dar wanaokaa peke yao. Pakiti mia za kwanza tumetuma juzi, na ishirini zimepasuka njiani. Leo asubuhi tunatafuta mifuko mizito zaidi, anayejua inapouzwa kwa jumla hapa Kigoma aniandikie.