Mwinuko wa Gari la Familia na Gharama Yake

Gari la familia linalopendwa sana mijini siku hizi ni lile liitwalo krosova. Kwa umbo lafanana na gari la porini: limeinuka, plastiki nyeusi imezingira matairi, na juu ya paa pana reli za kufungia mizigo. Kwa muundo, hata hivyo, ni ndugu wa gari dogo la abiria. Land Rover ya mwaka 1948 iliundwa juu ya fremu ya chuma iliyo mfano wa ngazi, bodi ikapachikwa juu yake. Toyota RAV4, iliyotolewa nchini Japani mwaka 1994 na kuhesabiwa miongoni mwa krosova za mwanzo, haikuwa na fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba uzito, na sehemu nyingi za chini zilitokana na magari madogo ya kampuni hiyo hiyo. Krosova nyingi zilizofuata husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake. Umbo, basi, laahidi jambo ambalo mitambo haikuagizwa kulitimiza.

Si haki kulinyima gari hili sifa zake. Kiti chake kipo karibu na usawa wa nyonga, hivyo bibi mwenye magoti mabovu huingia bila kuinama wala kupanda. Dereva huona mbali, na mawe ya njiani hupita chini bila kukwaruza. Lakini hizo zote ni faida za mwinuko, na mwinuko una bei yake, ambayo muuzaji haibandiki kiooni.

Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari aweza kuikadiria bei hiyo kwa kalamu. Gari likikata kona, uthabiti wake hutegemea vipimo viwili: nusu ya upana uliopo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Cha kwanza kigawanywe kwa cha pili. Kadiri jawabu linavyopungua ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka. Ikichukuliwa kwamba upana ni mita 1.5, gari dogo ambalo kitovu chake kipo mita 0.55 hupata 1.36. Krosova yenye upana huo huo na kitovu cha mita 0.65 hupata 1.15. Sasa krosova hiyo, yenye uzito wa kilo 1,500, ifungwe kilo 100 za magunia juu ya paa, mita 1.8 kutoka ardhini. Kitovu hupanda hadi mita 0.72, na jawabu hushuka hadi 1.04. Magunia mawili ya safari ya sikukuu yamekula sehemu kubwa ya akiba iliyosalia.

Katika lami kavu matairi aghalabu huteleza kabla gari halijapinduka, na hiyo ndiyo sababu madereva wengi hawaioni hatari. Hatari huja pale gari linapoteleza kwa ubavu na tairi likakwama katika ukingo wa lami au udongo laini. Mwaka 1997 gari moja fupi lililoinuka, Mercedes-Benz A-Class, lilipinduka nchini Uswidi lilipojaribiwa na jarida la magari kwa kukwepeshwa ghafla, kama anayemkwepa mnyama barabarani. Baadaye likawekewa mtambo wa umeme unaofunga breki gurudumu moja moja ili kulirudisha gari katika mstari. Mtambo huo ni msaada mkubwa, lakini haukishushi kitovu cha uzito hata kwa sentimita moja.

Jambo la starehe lina utata zaidi. Springi ikibonyea sentimita 25 kwa uzito wa gari, bodi hupanda na kushuka mara moja kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Mitetemo ya wima ambayo mwili huichukia zaidi ni ile ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Springi laini, kwa hiyo, ni njema. Ila gari refu lenye springi laini hulala ubavu katika kona. Ili kuzuia hilo, waundaji huweka ufito mgumu wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Katika lami laini hakuna anayeutambua. Katika barabara yenye mashimo, gurudumu moja likitumbukia, ufito huo huisambaza habari upande wa pili, na bodi nzima huyumba. Kadiri abiria alivyoketi juu ndivyo kichwa chake kinavyotupwa zaidi huku na huku. Watoto walioketi nyuma, wasioona mbele, ndio wa kwanza kuomba gari lisimamishwe; na katika kona zilizofuatana za mlima kama Kitonga, mayumbo ya polepole huwaongezea kichefuchefu.

Ndiyo maana hukumu inayotolewa na dereva aliye peke yake, baada ya kuzunguka mtaa mmoja wenye lami, ni hukumu ya kiti kimoja tu. Hapana budi gari la familia lihukumiwe likiwa na familia: watu watano ndani, barabara ya vumbi, na mnunuzi mwenyewe ameketi kiti cha nyuma cha katikati, ambacho mara nyingi ni chembamba kuliko vingine. Gari lililokwisha tumika miaka mingi Japani lastahili uangalifu zaidi, kwani shokomzoba zilizochakaa haziuzimi mtikisiko. Gari hupita tuta moja na kudunda mara tatu.

Wapo wanaopokea gari la namna hiyo na kulipeleka moja kwa moja gereji, wakatiwe vipande vya kuwekwa juu ya springi ili liinuke zaidi. Sentimita 5 zinazoongezwa huko hulipandisha kitovu kutoka mita 0.65 hadi 0.70, na jawabu likashuka hadi 1.07, kabla hata gunia la kwanza halijapakiwa.