Mchwa Hufuata Maji: Tuanze na Paa Kabla ya Dawa

Bandu bandu, walisema wahenga, humaliza gogo. Sidhani kama yuko kiumbe anayeithibitisha methali hii kuliko mchwa. Hatoi sauti, haonekani mchana, wala hana haraka. Mwenye nyumba hupata habari zake siku kizingiti kinapobonyea chini ya kidole, au kabati la vitabu linapofunguliwa na hati za babu zikakutwa zimegeuka udongo.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na katika vijiji vya Unguja nzima, mara mchwa anapogunduliwa neno la kwanza kutamkwa ni "dawa". Madhumuni ya makala hii ni kueleza mdudu huyu ni nani na anatambulikanaje, kisha kutetea rai moja: kwamba katika nyumba zetu tiba ya kwanza ya mchwa si sumu, bali ni ukavu. Anayenunua dawa kabla ya kuziba paa linalovuja hupoteza fedha zake, na huenda akahatarisha maji ya kisima cha jirani yake.

Mchwa ni nani?

Watu wengi humdhania mchwa kuwa ni aina ya sisimizi. Kwa kweli nasaba yake iko mbali na sisimizi na karibu na mende. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mchwa ni tawi la jamii ya mende lililozoea kuishi kwa makundi, lenye mfalme na malkia, askari na vibarua. Aina zipatazo 3,000 zimekwisha kutambuliwa duniani, na zilizo nyingi hazina ugomvi wowote na nyumba ya mtu. Kazi yao ni kuvunjavunja majani makavu, magogo na samadi, na kuifungua ardhi ili maji na hewa vipenye. Mkulima anayetamani mchwa wote watoweke hajui anachokitamani.

Mti umejengwa kwa selulosi, kitu ambacho wanyama wengi hawawezi kukimeng'enya. Mchwa wametatua shida hiyo kwa njia mbalimbali. Wengine wana viumbe vidogo mno tumboni mwao vinavyowasaidia kuiyeyusha. Miongoni mwao wamo wa jenasi Coptotermes, ambayo aina yake moja, Coptotermes amanii, ilipewa jina la Amani katika milima ya Usambara. Wengine, ambao ni wengi katika Afrika, ni wakulima: huutafuna mti, huupeleka chini ya ardhi, na juu yake huotesha kuvu aina ya Termitomyces, ambayo ndiyo inayougeuza mti ule kuwa chakula kinachofaa. Baadhi ya uyoga unaookotwa vichuguuni wakati wa mvua ni mazao ya mashamba hayo.

Hata hivyo, mchwa wote wa ardhini wana udhaifu mmoja, nao ndio msingi wa hoja yangu. Ngozi yao ni nyembamba, na miili yao hupoteza maji upesi. Kibarua wa mchwa akiachwa penye jua na upepo hukauka na kufa. Ndiyo sababu anaishi chini ya ardhi, na anapolazimika kupanda ukutani hujijengea kijia cha udongo na mate, apite ndani yake kama mtu apitaye chini ya mwavuli. Basi mchwa hutafuta vitu viwili kwa pamoja: mti na unyevu. Mti peke yake haumtoshi.

Namna ya kumtambua

Dalili ya kwanza ni vijia hivyo vya udongo, vyenye upana kama wa penseli, vinavyopanda msingini, nyuma ya makabati, kando ya mabomba na pembeni mwa miimo ya milango. Vunja kipande kidogo cha kijia, kisha urudi baada ya siku chache. Ukikuta kimezibwa upya, jua kwamba kundi li hai na linafanya kazi. Lakini kisipozibwa usishangilie, kwani huenda wamehamia njia nyingine.

Dalili ya pili ni mbawa. Baada ya mvua za mwanzo kumbikumbi huruka, hukimbilia taa, hupukutisha mbawa zao na kutafuta mahali pa kuanzisha makao mapya. Marundo ya mbawa chini ya dirisha yanastahili kuchunguzwa. Sisimizi nao huruka, kwa hiyo tazama vizuri: kumbikumbi ana mbawa nne zenye urefu sawa, vipapasio vilivyonyooka na mwili usio na kiuno, sisimizi ana mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma, vipapasio vilivyopinda na kiuno chembamba.

Dalili ya tatu ni sauti. Mafundi wetu hugonga boriti kwa nyundo na kusikiliza, kisha huchoma kwa bisibisi pale sauti inapokuwa tupu. Hicho ni kipimo cha kisayansi, ingawa hakikutoka maabara.

Inafaa kutahadhari hapa, maana si kila kinachokula mti ni mchwa wa ardhini. Wako mchwa wa mbao kavu, wasiohitaji ardhi wala vijia. Hao hudondosha chenga ngumu mfano wa punje za mchanga, na kila chenga ina pande sita. Wako pia wadudu jamii ya dumuzi, wanaoacha matundu ya mviringo na unga laini. Kumimina dawa ardhini kwa sababu ya chenga zilizodondoka kabatini ni sawa na kumpa mgonjwa wa jicho dawa ya tumbo.

Nyumba iliyojengwa ikauke

Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa. Upana wa vyumba vingi, upatao mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti. Miti hii ilisifika pwani yote kwa ugumu wake. Wafanya biashara waliipanga kwa unene, kutoka fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo, na majahazi yaliisafirisha hadi Arabuni na Ghuba. Boriti iliyo kavu yaweza kudumu vizazi kadhaa.

Iliyolowa ni habari nyingine. Vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Ukuta ukilowa, kichwa cha boriti hulowa. Kikilowa huota kuvu na kulainika. Kikilainika, mchwa hukaribishwa mezani. Zaidi ya hayo, panapokuwa na maji ya kudumu ghorofani, baadhi ya mchwa waweza kuweka makao huko huko juu bila ya kurejea tena ardhini. Hapo sumu yote inayomiminwa msingini haiwagusi.

Maji hayo yanatoka wapi? Unguja hupata mvua inayozidi milimita 1,500 katika mwaka wa kawaida, na sehemu kubwa yake hushuka katika miezi ya masika. Bati likitoboka au mlizamu ukiziba, mvua hiyo huingia ukutani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja, na vyoo na mabafu yakaongezwa juu ya dari ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Tena umezuka mtindo wa kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupumua, yaani huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Ukuta huonekana mpya kwa nje, huku kwa ndani ukioza.

Hatari yenyewe si ndogo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na maradhi yake mengi, nami silitaji ili kumtwisha mchwa lawama. Nalitaja kwa sababu limetukumbusha kwamba jengo huanguka kwa siku moja baada ya kuugua kwa miaka mingi.

Dawa ya jana ni sumu ya leo

Wako watakaosema kwamba dawa ni rahisi na ya haraka. Tuitazame historia yake. Kwa miongo kadhaa aldrini, dieldrini, klorideni na heptakloro zilisifiwa duniani kote kuwa ndizo kinga kamili ya mchwa, kwa kuwa zilikaa ardhini miaka mingi bila ya kuoza. Sifa hiyo ndiyo iliyozihukumu. Kemikali isiyooza huingia katika samaki, katika maziwa ya mama na katika damu ya mtoto. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, uliziweka zote nne katika orodha yake ya kwanza ya kemikali za kukomeshwa. Mahali pake pakachukuliwa na nyingine, kloropirifosi. Nayo mwaka 2025 ikaongezwa katika mkataba huo huo, zikibakizwa ruhusa maalumu chache za muda.

Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango, na kinachomiminwa juu hushuka upesi kwenye maji tunayoyateka. Vitabu nilivyosomeshwa nje ya nchi hueleza nyumba ya mbao iliyosimama peke yake katikati ya bustani, na humwelekeza fundi achimbe mtaro kuizunguka na kuutia dawa. Ni nani atakayechimba mtaro huo Shangani au Malindi, ambako ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili, na kichochoro ni upana wa watu wawili? Elimu ya wengine ni amana, lakini haina budi kupimwa kwa vipimo vya mahali petu.

Mpango wa tiba

Sisemi kwamba dawa haina nafasi. Nasema nafasi yake si ya kwanza. Mpango ninaoupendekeza ni huu. Kwanza, zuia maji: kagua bati, milizamu na mabomba kila mwaka kabla ya masika kuanza. Pili, mpe ukuta pumzi: bandua lipu ya saruji iliyolowa na upige ya chokaa. Tatu, ondoa ngazi anazopandia adui: vifusi, kuni, maboksi na udongo ulioegemea ukuta. Nne, badilisha boriti zilizokufa, ukikumbuka kwamba kila boriti mpya ni mkoko uliokatwa mahali fulani. Tano, mti mpya upakwe chumvi za boroni, ambazo hukaa vyema ndani ya mti usiolowa. Hapo ndipo, kama vijia bado vinajengwa, aitwe mtaalamu mwenye kibali aweke dawa iliyoruhusiwa, kwa kipimo, mahali maalumu, mbali na kisima.

Kwa nyumba za vijijini, nguzo isizikwe ardhini. Isimamishwe juu ya jiwe, na katikati iwekwe sahani ya bati yenye kingo zilizokunjwa chini. Bati hilo halimwui mchwa. Humlazimisha kuzunguka kwa nje, ambako ataonekana. Katika mwaka 1957 Walter Ebeling na Roy Pence wa California walionyesha kwamba hata kokoto ndogo zilizochekechwa zaweza kuwa kinga, zikiwa kubwa mno asizibebe na zimebanana mno asipenye. Huo ni ushindi uliopatikana bila ya tone la sumu.

Ugumu mkubwa, naamini, hauko katika sayansi bali katika ushirikiano. Mpangaji wa chini hununua dawa kwa kuwa ndiyo anayoiweza. Paa si lake. Wa juu haoni mchwa, basi bomba lake linaendelea kuvuja. Mwenye nyumba, awe ni Serikali, Wakfu au mtu binafsi, hupokea habari baada ya dari kuinama. Ningependa iwe kanuni kwamba hakuna ruhusa ya kupiga dawa ya mchwa katika nyumba ya Mji Mkongwe mpaka paa na mabomba yamekaguliwa, na kwamba gharama ya kuziba maji imwangukie mwenye paa.

Kazi kwa shule

Walimu wa biolojia wasingoje kanuni hiyo. Wanafunzi wachukue vipande 12 vya ubao mmoja laini, kila kimoja sentimita 30. Wavikaushe juani, wavipime uzito, kisha wavizike nusu katika uwanja wa shule, mbali na majengo. Vipande sita vimwagiliwe kila jioni, na sita vifunikwe visipate mvua. Baada ya wiki nane vifukuliwe, visafishwe, vikaushwe na kupimwa tena. Kadhalika wachore ramani ya shule yao, wakitia alama moja panapovuja na alama nyingine penye vijia vya udongo, kisha waziweke alama hizo pamoja na kuzilinganisha. Matokeo wayaandike kama yalivyo, hata yakinipinga.

Kijana atakayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, siku atakapokuwa na nyumba na kumwona mchwa ukutani, hatakimbilia dukani. Atatazama juu kwanza, atafute maji yanaingilia wapi.