Basari si sadaka ya mheshimiwa

Mama anakwenda kwa mwakilishi wadi kuulizia fomu ya basari, anajibiwa kwa kejeli mbele ya watu. Akirudi mtaani anaambiwa: "Nyamaza mamangu, mtoto asije akakatwa jina." Hapo ndipo tunapokosea. Basari ni pesa ya umma.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 73, yasema mamlaka ya kiongozi ni amana, na ayatumie kwa kuonyesha heshima kwa wananchi. Mwakilishi wadi hakutolewa. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 nayo yaturuhusu kushtaki anayekiuka.

Lakini sisi twashtaki barazani, maneno yakaishia kwenye vikombe vya kahawa. Andika: siku, mahali, maneno yaliyotamkwa, mashahidi. Peleka kwa spika wa bunge la kaunti au kwa EACC, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kule bungeni wanaoamua ni wawakilishi wenziwe. Barua isiyo na ushahidi hufa mapema.

Nasi tuogope Mungu. Kunyimwa ombi si kutukanwa, na kumzulia mtu ni dhulma hata akiwa mheshimiwa.