Hofu ya Kiti cha Daktari wa Meno

Wako watu wazima wenye heshima zao ambao hawaogopi kutembea usiku wala kuvuka mto uliofurika, lakini wakitajiwa daktari wa meno nyuso zao hubadilika. Mtu wa namna hii jino likianza kumgonga hubana karafuu katika tundu, husukutua kwa maji ya chumvi, humeza vidonge vya dukani, na maumivu yakitulia husema, "Limepona." Kumbe halikupona. Mafuta ya karafuu hutia ganzi kweli, wala wazee hawakukosea kuyatumia. Lakini ganzi si tiba, na tundu lililokwisha fika kwenye kiini cha jino halijizibi lenyewe.

Haifai kumcheka mtu huyo. Zamani kijana wa Kijaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, na wa Kimasai mawili, pasipo dawa ya ganzi, naye alitazamiwa kuvumilia. Mzee aliyepita katika hayo si ajabu kumkuta ametota jasho kwenye benchi la zahanati. Je, maumivu ndiyo anayoyaogopa? Yamkini si hayo peke yake. Siku ile ya kwanza alijua ni meno gani yatakayotoka, na kwa nini. Watu wake walikuwa karibu. Katika kiti cha daktari mambo ni kinyume. Mgonjwa amelala chali, taa inampiga machoni, kinywa ki wazi na ulimi hauwezi kusema. Vyombo vinagongana mahali asipopaona, na mkono ulio kinywani mwake ni wa mtu asiyemjua. Hajui litafanywa nini, wala litachukua muda gani. Mtu aliyezoea kuamua mambo ya nyumba yake amegeuka mzigo.

Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa Marekani, Norman Corah, alitoa maswali manne ya kupimia hofu hii. La kwanza lauliza mtu angejionaje kama angepaswa kwenda kwa daktari wa meno kesho. La pili, akiwa anangoja zamu yake. Na mawili ya mwisho, akiwa kitini huku daktari akitayarisha kekee yake au vyombo vya kusafishia. Msomaji na aangalie vizuri: katika yote manne hakuna chombo kilichokwisha gusa jino. Ni kungoja tupu.

Na katika kungoja huko ndimo hofu inamojilisha. Anayeogopa huahirisha, jino huoza hata ndani, usaha hukusanyika, shavu huvimba. Ndipo anapokwenda, naye hajalala usiku kucha. Sasa nyama iliyovimba kwa usaha huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na dawa ya ganzi haishiki vizuri mahali kama hapo. Basi mgonjwa huumia kweli, hurudi nyumbani akawaambia majirani, "Si niliwaambia?" na habari yake si uongo. Ila jino lile lile, kama lingalitibiwa mapema, pengine lingalizibwa tu na kubaki kinywani. Tena usaha ulioachwa huweza kushuka shingoni na kuziba njia ya pumzi; wako watu waliokufa kwa ajili ya jino.

Wanaowadhania madaktari wa meno kuwa watu wa kupenda kuumiza hawana haki. Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, alivuta hewa ya kupoteza maumivu mwezi wa Desemba 1844 akang'olewa jino lake mwenyewe ili aione nguvu yake. William Morton, naye wa kazi hiyo hiyo, alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya madaktari wa upasuaji mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Na dawa ya lidokeini, itumikayo mno leo katika sindano ya meno, ilitengenezwa kwanza nchini Sweden mwaka 1943.

Lakini sindano hiyo huondoa maumivu, haiondoi kila hisia. Mgonjwa atasikia kusukumwa, atasikia mlio, hata mifupa ya kichwa kutetemeka, naye akiwa hakuonywa atadhani ganzi imekataa. Kadhalika moyo waweza kwenda mbio dakika chache baada ya sindano, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi huchanganywa na nyingine iitwayo adrenalini. Wengi wamedhani wanakufa, na mara moyo ukatulia. Kwa hiyo neno la kwanza kitini lapasa kuwa la mgonjwa mwenyewe.

"Daktari, mimi naogopa."

"Si aibu, Mzee. Nitakuambia kila kitu kabla sijakifanya. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto."

Mkono huo ni kitu kidogo, lakini humrudishia mtu mamlaka yake. Wengi wakishapatana hivyo hata hawauinui. Yafaa pia kwenda asubuhi, ili hofu isipewe mchana mzima wa kukua, na kutokwenda na njaa kama ni ganzi ya sindano tu, kwa maana mwenye tumbo tupu huzimia upesi. Wale ambao hofu yao ni kali mno, hata hawawezi kukaa kitini, wako madaktari wenye dawa za kutuliza, na wako wataalamu wa kuwazoeza hatua kwa hatua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Ni jambo la kusikitisha kumsikia mama akimwambia mtoto mtundu, "Nyamaza, ama nikupeleke kwa daktari akung'oe meno!" Mtoto huyo atakapougua kweli atashikwa miguu na mikono. Heri apelekwe siku ambayo hakuna jino linalouma, ahesabiwe meno, apewe kioo ajitazame. Na mzazi ambaye mwenyewe hutetemeka akisikia harufu ya dawa, asiende naye. Amtume shangazi, au kaka mkubwa aliyekwisha kuzibwa jino na kurudi akicheka.