Uliza kipimo, usiulize jina la kampuni

Vifaa vingi tunavyotupa sisi wapiga picha wa harusi bado vinatengenezeka. Skrubu inayoshika kamera kwenye stendi ina kipimo kimoja karibu dunia nzima, inchi 1/4. Ile ya vifaa vizito ni inchi 3/8. Ikipotea, nenda dukani na kipimo hicho, ila hakikisha nyuzi na urefu wake vinalingana na ile ya mwanzo. Kibati cha juu ya stendi kinachoshika kamera kikivunjika, beba vipande vyake umpelekee fundi wa kukereza vyuma, kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam, akuchongee kingine cha alumini.

Flashi iliyogoma baada ya betri kuvuja mara nyingi imeshika kutu tu kwenye vibati vya betri. Sugua kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ikaushe vizuri. Lakini wadogo zangu, msiifungue flashi yenyewe: kapasita yake huhifadhi umeme wa volti 300 hivi hata betri zikishatolewa. Kazi hiyo mwachieni fundi.

Na stendi mbovu msiziuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Zitunzeni, mtapata humo spea ambazo madukani hazipo.