Makuta ya mine iliingia komini? Mutuonyeshe buku

Leo tunaongea juu ya mufereji mmoja. Uko kando ya barabara inayotoka kwa cité ya wafanya kazi mpaka kwa geti ya mine. Wakati wa mvua unajaa, maji inapanda barabarani, na usiku taa hakuna. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa posti ya usiku alitumbukia ndani yake akavunjika mguu. Alikaa nyumbani miezi tano.

Tulipopeleka jambo hilo katika mazungumuzo na mwajiri, mukubwa wa personeli alitujibu pole pole: «Barabara si kazi yetu. Sisi tunalipa redevansi, na komini inapata sehemu yake. Mukaulize kule.» Tukaenda komini. Kule wakatuambia: «Wanawadanganya. Hapa hata karatasi ya kuandikia hatuna.» Tukabaki tunatupwa huku na huku kama mpira wa watoto.

Jina la kampani na la komini tunaliacha, juu hadisi hii iko karibu kila fasi penye mine, tangu Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi. Tunataka kueleza namna mutu wa kawaida anaweza kufika kwenye buku za komini yake, na pale sisi wenyewe tulipokosea.

Kwanza sheria. Code minier ya 2002 ilibadilishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Ndani yake redevansi inagawanywa hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa komini, sekta au shefferi ambamo mine inachimba, na 10% kwa mufuko wa migodi wa vizazi vijavyo. Ina maana, mine ikitoa dola 1.000.000 ya redevansi, 150.000 ni ya komini. Na haipitie Kinshasa halafu irudi: inalipwa moja kwa moja kwa konti ya benki ambayo komini yenyewe imeonyesha. Shaba inalipa 3,5%, na kobalti, tangu ilipowekwa kati ya madini ya lazima kabisa mwisho wa 2018, inalipa 10%. Kwa hiyo mutu akikuambia makuta ya komini iko Kinshasa, umwambie asome tena kipengele 242.

Sasa kosa letu. Mara ya kwanza tulifika watu saba kwa biro ya komini, tukasema kwa sauti: «Tunataka kujua makuta ya mine iko wapi!» Karani alitutazama tu. Angetujibu nini? Hakuna karatasi inayoitwa «makuta iko wapi». Tulirudi na hasira, na hasira haina kashe.

Mzee mmoja wa kartiye yetu, aliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi mbele ya kupata pensheni, alitucheka sana. Akasema: kila karatasi ya serikali iko na jina, na kama hulijui lile jina, utaambiwa haiko, na karani hatakuwa amesema uongo. Akatuandikia majina tatu kwa Kifaransa, kwa sababu njo luga ya ile buku. Ya kwanza ni budget ya komini ya mwaka fulani: inaonyesha makuta wanayotazamia kuingiza na kazi wanayotazamia kufanya. Ya pili ni reddition des comptes: inaonyesha makuta iliyoingia kweli na iliyotoka kweli. Ya tatu ni relevé ya konti ya benki inayopokea redevansi. Ya kwanza ni ahadi, ya pili ni matendo, na ya tatu njo shahidi. Watu wengi wakionyeshwa ya kwanza wanaenda nyumbani na furaha. Wasiende.

Tena ndugu, Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa katika Katiba yetu, lakini hatujaona hata budget moja ya komini iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mama anayelipa taxe ya soko kila asubuhi hawezi kusoma ile anachokilipia. Tunalisema kwa kupita tu, siku ingine tutalirudia.

Halafu haki. Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele 24, inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Hiyo ni nzuri, lakini haisemi utajibiwa lini. Chenye kutusaidia zaidi ni kipengele 27, ambacho watu wachache wanakijua: kila Mkongomani anaweza kuandikia wakubwa petisyo, yeye peke yake ao pamoja na wengine, na mukubwa anapashwa kujibu ndani ya miezi tatu. Na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ameandika. Miezi tatu! Ndani ya sendika tunajua thamani ya tarehe. Ahadi bila tarehe tumezipata nyingi za kutosha.

Basi tukaandika mukanda. Ukurasa moja, bila matusi, bila kumushitaki mutu. Tukataja majina ya zile karatasi tatu, mwaka tunaoutaka, na kipengele 24 na 27. Nyuma tukaweka sahihi za wafanya kazi na za wakaaji wa kartiye, kurasa tisa. Tukatoa kopi mbili: moja ya komini, moja ya kupigwa kashe na nambari na tarehe, irudi nasi. Ile ya pili njo mali. Mukanda bila kashe ya kupokelewa ni kama mutu aliyezaliwa bila kuandikwa kwa état civil: unaweza kuapa kwamba yuko, watakuambia hayuko.

Siku ya kwanza mwenye kashe hakuwapo. Siku ya pili kashe ilikuwako lakini wino hakuna, na kijana mmoja akatudokeza juu ya madesu ya bana. Tulijibu kwamba tuko tayari kulipa chochote chenye risiti. Hapo akanyamaza. Siku ya tatu tulileta kiti yetu, tukakaa kwenye baraza tangu saa mbili ya asubuhi, bila kelele, na mkate yetu. Saa tano na nusu kashe ikapigwa: 6 Februari.

Hatupendi mutu asome hii akaenda kumutukana karani. Yule karani mushahara wake unakawia kuliko wetu, kabati yake haina mulango, na akitoa karatasi bila ruhusa yeye njo wa kwanza kufukuzwa. Ndiyo maana mukanda unaandikwa kwa burugumestre, jina la kazi, si kwa karani wala kwa mutu.

Baada ya majuma matano tuliitwa. Walitufungulia budget pale pale kwa meza, kopi wakakatalia. Tukakubali, tukatoa kalamu, tukaandika kwa mukono muda wa saa nzima. Tuliona mustari wa redevansi ya mine. Basi yule wa personeli hakutudanganya yote. Tukaona pia mustari wa «mifereji na barabara», na makuta yake imetazamiwa. Ule mufereji wetu kwenye karatasi uko. Reddition des comptes hawakutuonyesha, wala relevé ya benki. Walisema «bado inatengenezwa». Mwaka ule umekwisha zamani.

Kuna milango ingine tuliyoipiga wakati tunangoja. Ripoti za ITIE zinaandika malipo ya makampani, pamoja na ile inayoingia kwa komini na sekta, na ziko kwenye intaneti. Kijana mwenye telefone anaweza kuzitafuta. Kuna dekreti nambari 011/26 ya 20 Mei 2011 inayolazimisha serikali kutangaza mikataba ya mali ya asili. Na tangu kura za 20 Desemba 2023 komini kadhaa ziko na wajumbe wa baraza waliochaguliwa, hazina tena burugumestre wa kuteuliwa peke yake. Baraza njo linapitisha budget, na vikao vyake viko wazi kwa watu isipokuwa likiamua kufunga mulango. Tangu wachaguliwe, wangapi kati yetu tumeenda kukaa kwenye benchi ya nyuma tukasikiliza? Tulikuja kwao wakati wa kura juu ya tisheti, halafu tukapotea.

Na neno moja linalotuuma. Siku tulipokuwa tunakusanya sahihi, mama mmoja muuza samaki alitukatalia. Alisema: «Munataka buku ya komini. Na ninyi, makuta ya sendika inayokatwa kwa mushahara wa bwana yangu kila mwezi, buku yake niliionaka lini?» Tulikosa jibu. Kweli, ndani ya sendika yetu ripoti ya kifedha ilikuwa inasomwa mbio mbio mwisho wa mkutano, wakati watu wamesimama tayari kwenda. Wenzetu fulani walisema tusichanganye mambo, komini ni komini na sendika ni sendika. Tulibishana mpaka usiku. Mwishowe buku ya michango ya mwaka uliopita ikabandikwa ukutani, kurasa zote, pamoja na kosa moja la hesabu ambalo watu waliligundua siku ile ile na ambalo mwenye sanduku bado anapashwa kulieleza. Yule mama alikuja, akaisoma na binti yake, akatia sahihi.

Miezi tatu ya kipengele 27 inaisha tarehe 6 Mei. Mukanda wa pili, wa kuomba reddition des comptes na relevé peke yake, umekwisha kuandikwa. Kopi ya ule wa kwanza, yenye kashe, iko kwa biro ya sendika. Wakaaji wa komini zingine wanaotaka kuufuata mfano wake waje siku ya posho, asubuhi, na karatasi yao na kalamu. Mashini ya kopi imeharibika.