MCHEZO WA MAFUMBO: TUTAMUHESHIMU NANI?



Kuna wazo linazunguka katika kalasi za sayansi: tufanye mchezo wa mafumbo. Karatasi zinafichwa, fumbo moja linakutuma kwa lingine, mpaka unafika kwenye hazina. Mchezo utawaheshimu wataalamu waliochunguza maua ya vilima vyetu vya shaba, na utachezwa pale walipokuwa wanakaa. Wazo ni zuri. Lakini pale ni wapi? Na wataalamu hao ni nani?

Majina yanayotajwa ni Paul Duvigneaud na François Malaisse. Hiyo ni haki yao. Duvigneaud, profesa wa Bruxelles, aliandika mwaka 1958 juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini. Malaisse alifundisha Lubumbashi miaka mingi. Mwaka 2010 yeye na wenzake, kati yao Mylor Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walihesabu aina 32 za mimea ya kwetu zinazoota tu juu ya udongo wa shaba. Ukizikosa huku, usizitafute Ulaya.

Lakini mbele ya hao wote walikuwa wazee wetu, wafuaji wa mukuba. Hawakuwa na vitabu. Waliona kilima chenye upara katikati ya pori, miti hakuna, majani mafupi tu, wakajua: hapa kuna mukuba. Wakati wa kiangazi walihamia kule, wakachimba malakite, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makala, wakatoa ile misalaba ya shaba tunayoiona katika vitabu vya historia. Mtu anayesoma mlima kwa majani yake, huyo si mtaalamu? Basi kwao ni pale penye matanuru.

Na fumbo lenyewe liko tayari, hatuna lazima ya kulitunga. Kuna mmea mdogo, ndugu ya lumba-lumba, unaitwa Haumaniastrum katangense. Unapenda udongo wenye shaba, hata ule uliobaki mahali walipoyeyusha zamani. Mwaka 1982 de Plaen, Malaisse na Brooks walieleza namna ua hilo linavyoonyesha matanuru ya kale yaliyofunikwa na udongo. Njo hazina hiyo! Sasa angalia jina lake: linamkumbuka Lucien Hauman, Mbelgiji, pamoja na Katanga yetu. Mfuaji hayumo.

Wengine watasema: Eksamen d'État inakuja, si wakati wa kucheza. Nawajibu kwamba eksameni inarudi kila mwaka, mlima haurudi. Kwatebala ulikuwa wa kwanza kuchimbwa na TFM, iliyotoa shaba yake ya kwanza mwaka 2009. Ni kweli, wataalamu wa Gembloux walisaidia kampuni kutunza mbegu na kuhamisha mimea. Lakini sisi watoto wa hapa, ni wangapi tunaweza kutaja hata ua moja kwa jina?

Naomba mambo mawili. Bwana Prefe atuombee ruhusa, kwa kampuni na kwa chifu, ili tusiingie kama wezi. Tena mtu asing'oe kitu: anayeleta ua mkononi apoteze mchezo, hata kama amefika wa kwanza. Achore, aandike mahali alipoliona, basi.

Na tuufanye kabla mvua haijaisha. Mwezi wa saba majani yamekauka, moto umepita, na mafumbo yatabaki ya karatasi tu.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano